Stesheni Aliyoiruka Melkiory

Mzee Melkiory akianza habari za treni, watu husogeza viti karibu. Mimi huondoka. Nimewahi kuondoka harusini nikaacha nyama kwenye sahani. Nimewahi kuondoka kwenye ubatizo kwa jirani, mvua inanyesha, mtoto mgongoni, mwenye nyumba ananiita nirudi. Watu wa Ihanda walishakubaliana kwamba Speciose ana hasira za bure, nami sikuwabishia, maana ukweli wenyewe mama alikuwa amenikataza kuusema.

Siku ya kumaliza matanga ya baba sikuwa na pa kuondokea. Nyumba ilikuwa yetu, msiba wetu, na mzee Melkiory ndiye aliyekuwa mgeni mkubwa kuliko wote.

Karagwe hatuna reli. Ukitaka treni inabidi upande basi hadi Bukoba, ulale melini, uamkie Mwanza, ndipo uione. Kwa hiyo mtu aliyeipanda mara nyingi ana mtaji wa maneno usiokwisha, na Melkiory aliipanda sana. Alikuwa ofisa wa wilaya, mwenyeji wa Muleba, kila mara anaitwa Dar es Salaam kwenye vikao na serikali inamlipia daraja la pili. Alijua kuigiza magurudumu yanavyogonga reli kwa kupigapiga mapaja. Alijua kueleza behewa la chakula, vitambaa vyeupe mezani na mchuzi unaocheza kwenye sahani. Alipostaafu alinunua shamba Kihanga, hapahapa Karagwe, na tangu hapo hakuwa na kazi nyingine ila kulima kahawa kwa mikono ya vibarua na kusimulia treni kwa mdomo wake mwenyewe.

Huyu ndiye aliyekuwa munywani wa baba yangu, yaani ndugu yake wa kuchanjiana damu. Baba yangu, Mbonimpa, aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa kijana, akapata kibarua cha kupalilia migomba na kahawa kwa baba yake Melkiory kule Muleba. Vijana wale wawili wakapendana. Wakachukua tunda moja la kahawa, lile lenye punje mbili ndani yake, kila mmoja akachanjwa kidogo karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye punje, na mwenzake akaimeza. Ukishameza punje ya mtu umemaliza. Mke wake ni shemeji yako, watoto wake ni wako, akiwa na njaa huli peke yako. Na ukimsaliti, wanasema, tumbo litakuvimba hadi ufe.

Melkiory alipopata cheo Karagwe alimwita baba, akamsemea kwa wakubwa, baba akapewa kibanja, shamba la migomba na mahali pa kujenga, hapa Ihanda. Hilo halikuwa siri. Tulipanda migomba, tukapanda kahawa, tukazaliwa hapo, tukazika watoto wachanga hapo, na bado jirani akikasirika anaweza kukuambia kwamba kibanja chenu mlipewa kwa mdomo wa Melkiory.

Baba alifariki mwaka wa tisini na tano. Ulikuwa mwaka mbaya kwa mtu mwenye jina kama la kwetu. Wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa makambini, kuni zimekwisha, mbuzi wanaibwa, na watu tuliosali nao kanisa moja wakaanza kuulizana nani ni wa hapa na nani ni wa kuja. Mwenyekiti wa kijiji, Kamugisha, alimwambia mdogo wangu Fidele waziwazi kwamba yapo maneno yanasemwa juu ya kibanja chetu. Ila kama mzee Melkiory atasimama siku ya kusimika mrithi, aseme mbele ya watu kwamba anawajua hawa na kwamba kibanja ni chao, maneno yatakwisha.

Basi Fidele alinifuata jikoni asubuhi ile, kanzu ya mrithi tayari mwilini.

"Dada, leo nakuomba," alisema. "Leo tu. Uso wako usiuoneshe."

Fidele alikuwa mdogo wakati wa safari ile niliyokwenda na mama kwa treni. Hakujua lolote. Nikamwambia sawa, nikaendelea kumenya ndizi.

Kwa desturi ya kwetu, kahawa ndiyo inayofungua mdomo. Siyo ya kunywa, ni ya kutafuna: matunda yanachumwa mabichi, yanachemshwa na majani yenye harufu nzuri, yanaanikwa juani hadi yakauke, mtu anaweka mawili matatu mdomoni anatafuna taratibu. Mgeni hapewi neno kabla hajapewa kahawa. Siku ya kumaliza matanga mjane ndiye anayempa munywani wa marehemu, kwa mkono wake, kutoka kwenye kikapu cha marehemu. Akishapokea, anasema. Wengine hufuata. Mama Anonciata alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, kikapu kidogo chenye mfuniko mapajani, macho chini.

Watu walikuwa wanachelewa kukusanyika. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshazunguka. Mtu mmoja, sijui ni nani aliyemlaani, akasema, "Mzee, tuliwaze kidogo, tupeleke Dar es Salaam."

Melkiory akajinyoosha, akaanza kupiga mapaja. Mwanza. Shinyanga. Tabora, wanapouza asali kwenye chupa. Manyoni. Dodoma, zabibu. Watu wakacheka panapochekwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la ndizi, nikamsubiri amalize. Hakumaliza. Akasema, "Na kuna safari moja, mwaka ule wa msako, tulikuwa na mwanamke mmoja wa kijijini, kabeba mfuko wa kahawa kama vile anakwenda mnadani. Askari wakamshusha porini huko. Basi mwanamke akawa analia kwenye jukwaa la stesheni, meee, meee, kama mbuzi aliyeachwa na kundi."

Akaiga ule mlio. Watu wakacheka. Fidele naye alicheka, mdogo wangu maskini, akiwa kwenye kanzu ya baba.

Nilimtazama Melkiory usoni nikitafuta aibu, au hata ubaya, maana ubaya ningeuelewa. Sikuona kitu. Alikuwa amesimulia kisa kile kwenye vilabu na misiba kwa miaka mingi hadi alikuwa amesahau kwamba mwanamke yule ni mama yangu. Alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwake, akimwiga, naye amesahau. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye dakika ile, na chuki niliyokuwa nayo zamani haikuwa ndogo.

Nitaieleza safari yenyewe.

Kaka yetu mkubwa, Evaristi, alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Morogoro. Mwaka wa themanini na tatu ikaja simu ya maandishi parokiani: mashine imemkata, yuko hospitali, hali yake mbaya, mama aje. Baba alikuwa na jipu la mguu, hawezi hata kufika barabarani. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na sala. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka michache nyuma na nilikuwa nimeshachumbiwa, kwa hiyo nikaambiwa nimsindikize.

Mama alifunga mizigo kama mama yeyote wa kwetu angefunga. Nguo, rozari, ndizi za kupika zilizochemshwa, na kahawa. Kahawa ilikuwa nyingi, furushi la nyuzi za mgomba lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Evaristi, kila alipoandika, aliomba kahawa ya nyumbani. Mama aliamini mgonjwa aliyekataa chakula akitafuna kahawa ya kwao moyo unarudi. Na nyingine ilikuwa ya manesi, kwa sababu huwezi kwenda kumwombea mwanao kwa watu mikono mitupu. Hakuna aliyemkataza. Nani angefikiria kumkataza? Mwaka ule serikali ilikuwa inasaka waliolangua na kuficha bidhaa, watu wanatupa sabuni mitoni kwa hofu, na kahawa ilikuwa ni ya kuuza kwenye chama cha ushirika tu, siyo ya kutembea nayo. Lakini hiyo ni kahawa mbichi ya gunia. Hii ilikuwa heshima. Kwenye bandari ya Bukoba wakaguzi walifungua furushi, wakachukua punje mbili mbili, wakatafuna, wakatuambia tumsalimie mgonjwa.

Melini tukakutana na Melkiory anakwenda kwenye semina. Alifurahi sana kutuona, kwa kweli alifurahi. Alitununulia chai. Asubuhi, kwenye stesheni ya Mwanza, mama alifungua furushi, akamkatia fungu lake, akalifunga vizuri kwenye jani na kumpa kwa mikono miwili. Melkiory akalitia kwenye mfuko wa koti. Akasema, "Shemeji, mimi niko daraja la pili. Mkipata shida yoyote, Speciose aje aniite."

Mama alipanda treni ile akiwa na moyo mweupe. Daraja la tatu tulibanana kwenye benchi la mbao, kuku chini ya miguu, watoto wamelala kwenye njia, na kila treni iliposimama mama aliniuliza kama ni Morogoro. Nilikuwa na umri wa kupenda safari. Namkumbuka mwanamke wa Tabora aliyenipa mayai mawili kupitia dirishani nikampa ndizi, na jua la asubuhi kwenye nchi tambarare isiyo na mgomba hata mmoja, nikashangaa watu wa huko wanajificha wapi jua likichomoza. Ningekuwa na kumbukumbu nzuri za treni na mimi. Ningekuwa nimekaa na wengine, napiga mapaja.

Mbele ya Manyoni askari walipanda, na mgambo pamoja nao, wakaanza kukagua. Walifungua furushi la mama.

"Hii nini?"

"Kahawa," nikasema.

"Kibali kiko wapi?"

Nikaeleza ni ya kutafuna. Askari mkubwa akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema ili mjue hasira yangu haiko kwake. Alikuwa mtu wa mbali, hajawahi kuona jambo hilo maishani. "Kahawa inanywewa, binti. Nani anatafuna kahawa?" Mama akachukua punje, akatia mdomoni, akatafuna mbele yake. Askari akasema, "Mwizi wa kuku naye anaweza kula kuku." Halafu akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Nitafutie mtu mmoja wa kwenu, mtu mzima, anayeeleweka. Akisema hii inatafunwa, nitawaacha."

Nilikimbia. Nakumbuka nilikuwa nacheka nikikimbia, kwa jinsi tulivyokuwa na bahati. Mgambo alinifuata nyuma, tukavuka mabehewa hadi daraja la pili, nikasukuma mlango.

Melkiory alikuwa amekaa dirishani, jani limefunguliwa mapajani, anatafuna. Maganda alikuwa anayatemea kiganjani, taratibu, kama mzee aliye nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba mkubwa," nilisema. "Mama anashushwa kwa ajili ya kahawa. Njoo uwaambie."

Hakuitikia shikamoo. Alimwona mgambo nyuma yangu. Mkono ukafunika jani, jani likaingia mfukoni, maganda yakatupwa dirishani, akafuta mdomo kwa leso. Yote hayo aliyafanya haraka kuliko ninavyoyaeleza.

Mgambo akamuuliza kwa adabu, "Mzee, samahani. Huyu binti anasema mama yake ni shemeji yako, na kwamba kwenu kahawa inatafunwa."

Melkiory akanitazama. "Simjui," alisema.

Nikadhani hajasikia vizuri. Nikasema, "Baba mkubwa, ni mimi, Speciose wa Mbonimpa."

"Simjui huyu wala mama yake," akamwambia mgambo. "Hao ni watu wa Burundi. Mambo yao ya kahawa na mipaka mimi siyafahamu."

Chumba kizima kilinukia kahawa ya mama. Alisema maneno hayo ikiwa kwenye meno yake.

Tukashushwa kwenye stesheni ndogo ambayo jina lake nalijua na silitii mdomoni mwangu. Jengo moja, matangi ya maji, miiba. Treni ilipoanza kuondoka, behewa la daraja la pili likapita mbele yetu, na Melkiory alikuwa dirishani. Mama alikuwa bado hajui. Alipunga mkono, akaita, "Shemeji! Shemeji, tumeshushwa!" Akawa anakimbia pembeni ya behewa, akidhani hajatuona. Melkiory akafunga dirisha. Hapo ndipo mama alipolia. Hakulia kama mbuzi. Alilia kama mtu aliyeona treni inakwenda kwa mwanawe bila yeye.

Alipotulia akaniuliza, "Ulimkuta?"

Nikasema nilimkuta.

"Alisema nini?"

"Alisema hakujui."

Akauliza, "Kwa Kiswahili, alisemaje?"

"Alisema, simjui."

Mama akalirudia neno lile polepole, mara moja tu, akakaa chini.

Hatukufungwa minyororo. Tuliwekwa kwenye chumba cha mizigo, tukingoja mkubwa wao atoke Dodoma aamue. Hakuja kesho yake wala keshokutwa. Aliyetutoa ni mwalimu Ndyamukama, kijana wa kwetu aliyepangiwa shule ya huko, alisikia kuna wanawake wawili wa Kagera stesheni akaja kutazama. Alipoona furushi alitabasamu, akachukua punje, akazitia mdomoni, akatafuna, akamwambia askari, "Mama yangu hunitumia hizi." Askari akamtazama, akakuna kichwa, akatuomba radhi. Ndiyo hivyo. Haikuhitaji ofisa, wala sheria, wala ujasiri mkubwa. Ilihitaji mtu mmoja wa kwetu aliyekubali kutafuna mbele yao.

Treni nyingine ilipokuja tukapanda. Morogoro tukakuta Evaristi ameshazikwa na vibarua wenzake, pembeni ya shamba, msalaba wa miti ya katani. Kibarua mmoja, mtu wa Bugene kwetu Karagwe, alikuwa amemuuguza mpaka mwisho. Alitueleza kwamba kutoka wodini honi ya treni inasikika, na kila ilipopiga Evaristi aliuliza, "Mama kashuka?" Treni ile tuliyoshushwa, yenye Melkiory ndani, ilipita Evaristi akiwa bado anaongea. Aliisikia. Akauliza. Wakatuma mtu stesheni, akarudi akasema mama hakushuka. Alifariki siku iliyofuata.

Mama alizika furushi lote la kahawa kaburini, kwa mikono, bila jembe.

Tukiwa njiani kurudi aliniapisha. Baba asijue. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, baba akijua munywani wake amemkana mkewe, atakwenda kumuua au atakufa kwa uchungu. Ya pili, kibanja. "Tuko hapa kwa mdomo wa mtu yule," alisema. "Mdomo huohuo unaweza kututoa." Nyumbani akamwambia baba treni ilichelewa. Na Melkiory alipokuja kutoa pole, akiwa na sura ya msiba, mama alimpa kahawa kwa mkono wake, mbele yangu. Nilimkasirikia mama karibu kama nilivyomkasirikia yeye. Tangu hapo mimi sijatafuna kahawa, na nilipoolewa hapohapo Ihanda walinishangaa.

Mama alisubiri tumbo la Melkiory livimbe. Lilivimba kweli, ila kwa nyama na rubisi.

Sasa turudi kibarazani.

Kicheko cha mbuzi kilikuwa hakijaisha vizuri Kamugisha aliposimama na kutaka watu watulie. Alimshukuru Melkiory kwa kuja. Akasema shughuli inaanza, na kama ilivyo desturi, mjane atampa kahawa munywani wa marehemu, kisha mzee atatuambia neno juu ya familia hii na kibanja hiki. Akamgeukia mama, akasema kwa Kinyambo, lugha ya kwetu Karagwe, kwa heshima, "Mama Anonciata, munywani wa mzee Mbonimpa ni huyu hapa. Unamtambua mbele yetu?"

Hilo ni swali la desturi tu. Mjane huitikia na kufungua kikapu. Melkiory alikuwa ameshanyoosha kiganja.

Mama akainua macho. Akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza mfuniko wa kikapu kwa mikono miwili, akahakikisha umeshika.

"Simjui," alisema, kwa Kiswahili.

Watu walishangaa kwanza lugha. Wengi hawakuwahi kumsikia mama akisema Kiswahili nje ya kanisa. Kamugisha akadhani msiba umemzidi, akarudia polepole, "Mama, ni Melkiory huyu. Shemeji yako."

"Simjui," mama akasema tena. "Huyu simjui."

Melkiory akacheka kidogo. "Shemeji, uchungu umekuchanganya." Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Halafu nikaona kitu kinaingia usoni mwake taratibu, neno lile linarudi alikolitoa, na mkono ukaanza kushuka.

Mama akanigeukia, safari hii kwa Kinyambo. "Speciose, mzee ametusimulia safari vizuri, lakini ameruka stesheni moja. Waambie."

Fidele alinishika gauni. Nikautoa mkono wake. Niliweka sinia chini na kusimulia yote, kuanzia chai ya melini hadi honi ya treni wodini. Sikulia, na wala sikupaza sauti. Nilipofika kwenye jani na maganda, wanaume walimtazama Melkiory mdomoni. Nilipofika kwa Evaristi, Fidele alikaa chini kwenye udongo na kanzu ya baba.

Melkiory alikuwa na la kusema. "Mwaka ule ulikuwa mbaya," alisema. "Nyinyi hamjui ulivyokuwa. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na mimi nilikuwa nayo mfukoni. Ningekubali, ningeshushwa."

"Ungeshushwa," mama akamjibu, "tungekuwa watatu."

Kamugisha akakohoa, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, na neno la kibanja?"

Melkiory akachukua fimbo yake, akasimama kwa shida, tumbo likitangulia. "Kama hawanijui," alisema, "mimi nitawajuaje?"

Akaondoka. Kwetu hata mgeni aliyekuja kudai husindikizwa mpaka njiani. Yeye hakusindikizwa na mtu. Tulimsikia akihangaika na kamba ya lango, lina ujanja wake lile lango, na hakuna aliyenyanyuka kumfungulia.

"Mama," Fidele akasema, bado yuko chini, "nani atatusemea sasa?"

Mama alinyanyuka kwenye mkeka, magoti yakalia, akafungua kikapu. Akaenda moja kwa moja kwa Kamugisha na kukiweka mbele yake.

"Wewe unatujua?" akamuuliza.

Mwenyekiti alikitazama kikapu kile. Aliwatazama watu. Nadhani alifikiria wakubwa wake wa wilaya kule Kayanga, na maneno yaliyokuwa yanasemwa, na uchaguzi. Jasho lilimtoka, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo. Mama hakukiondoa kikapu.

"Nawajua," alisema Kamugisha, akachukua.

Mama akasogea kwa wa pili. "Wewe unatujua?" Akasogea kwa wa tatu. Alizunguka kibaraza chote, kisha ua, anauliza swali hilohilo kwa sauti ileile, na kila mtu alipaswa kusema kabla ya kutia mkono. Wanaume watatu waliinuka na kuondoka kabla hajawafikia. Majina yao ninayo, na mashamba yao nayajua.

Mwisho akafika mlangoni, kwangu. Hakuniuliza kitu, alishika tu kikapu mbele yangu akangoja. Nilichukua punje mbili, nikatafuna.